Jibu Lililotoka Karibu Mno

Agnès Mianda alizaliwa Dilolo, mpakani na Angola, katika nyumba za shirika la reli. Baba yake, Mluba wa Kabongo, alikuwa mtu wa simu katika stesheni. Kila asubuhi, kabla ya chai, alizungusha mkono wa simu na kuziita stesheni moja baada ya nyingine kuelekea Kolwezi: Malonga, Kasaji, Mutshatsha. Iliyojibu ilipata alama kwenye daftari. Isiyojibu ilitumiwa watu juu ya kiberenge wakatafute waya ulikokatikia. Treni zilipopungua na mishahara ikakoma, familia ilihamia Kolwezi, na Agnès akasomea kompyuta Lubumbashi kwa miaka mitatu. Alianzia kazi katika cyber moja ya mjini, akifungulia wateja barua pepe na kuchapa barua za maombi ya kazi. Baadaye alichukuliwa na kampuni ya madini.

Mwaka huo ninaousimulia alikuwa na miaka arobaini na sita, na mwaka wa kumi na mmoja kazini. Alikaa Musonoi na mumewe, mwalimu wa shule ya msingi, na binti yao Abigaëlle. Ni mwanamke mfupi, asiyependa kuharakishwa, na sauti yake ni ya chini kiasi kwamba mikutanoni watu humwambia arudie.

Kampuni hiyo sitaitaja. Shimo lake la wazi, ambalo wafanyakazi wanaliita Kalumba, liko kilomita nne kutoka ofisini. Kati ya shimo na ofisi kuna vifaa zaidi ya mia mbili: kamera, mizani ya malori, redio, vipimo vya maji, kompyuta za kila aina. Kazi ya Agnès ilikuwa kuhakikisha vinasikilizana. Kila kifaa kina anwani yake ya namba, kama nyumba ya mtaani, na ukitaka kujua kama kipo hewani unafungua kwenye kompyuta lile dirisha jeusi la maandishi, unaandika neno ping, unafuatisha anwani, unabonyeza. Kifaa kikiwa kizima kinajibu, mara nne. Kila jibu linakuja katika mstari wake, na mwisho wa mstari unaona limechukua muda gani kwenda na kurudi, kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde.

Kazi hiyo ingeweza kufanywa bila yeye. Kwenye chumba cha uangalizi kulikuwa na kioo kikubwa ukutani chenye doa moja kwa kila kifaa, kijani kama kinajibu, jekundu kama hakijibu. Agnès mwenyewe ndiye aliyekitengeneza, na wakubwa walipokuja kutembelea ndicho walichoonyeshwa kwanza. Hata hivyo kila asubuhi alikaa kwenye meza yake, akafungua dirisha jeusi, akaviita vifaa vile muhimu kwa mkono. Wenzake walimtania kwamba anaziamkia mashine kuliko anavyowaamkia watu.

Jumanne moja ya Oktoba, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha siku tatu mfululizo, alikuwa katikati ya mzunguko wake alipofika kwenye rada.

Rada hiyo ilikaa juu ya kitoroli upande wa kusini wa shimo, ikiutazama ukuta wa kaskazini. Ilikuwa ikiupima ukuta mchana na usiku, na kama mwamba umesogea hata milimita moja iliona. Vipimo vyake vilisafiri kwa redio hadi kwenye mnara, na kutoka mnarani hadi ofisini. Safari hiyo Agnès aliijua: milisekunde kumi na mbili, kumi na tatu, siku ya mvua kubwa kumi na tano. Asubuhi ile mistari minne ilitokea kwa mkupuo, na yote ilisema kitu kimoja: *Réponse de 10.20.4.17, temps<1ms.*

Chini ya milisekunde moja.

Aliirudia. Ikajibu vilevile. Akaita mnara, ambao uko katikati ya njia: milisekunde sita. Alikaa akiitazama namba hiyo. Rada iko mbali kuliko mnara, na jibu lake lazima lipite mnarani. Haiwezekani lifike mapema kuliko jibu la mnara wenyewe. Kitu kilichokuwa kikimjibu kilikuwa ndani ya jengo lilelile alimokaa.

Alisimama, akaenda chumba cha uangalizi.

Mkuu wa zamu siku hiyo alikuwa Tharcisse, mtu wa miaka hamsini na kitu aliyeanza kazi ya shimo akiwa dereva wa lori. Alikuwa na redio mbili mezani na kikombe cha kahawa iliyopoa.

"Tata Tharcisse, rada ya ukuta haiko hewani," Agnès alisema.

Tharcisse aligeuka, akatazama kioo ukutani. "Mama Agnès, angalia mwenyewe. Rond yake iko vert. Iko najibu."

"Kitu kiko najibu. Lakini haiko rada."

"Sasa ni nani?"

"Bado sijue. Lakini jibu linatoka hapa pa karibu. Halifike ata ku mnara."

Tharcisse aliangalia tena lile doa la kijani, kisha akamwangalia yeye. Hakuwa mtu mbaya. Ila katika shimo kulikuwa na mashine mbili za kuchimba, moja ya kutoboa mwamba, na malori kumi na moja, na kuzisimamisha zote kulitaka sababu inayoandikika.

"Unataka nisimamishe chantier juu ya nini? Juu ya milliseconde?"

"Picha ya ukuta iko wapi?"

"Ku bureau ya Rachelle."

Rachelle alikuwa mhandisi wa miamba, mtu pekee pale aliyejua kusoma vipimo vya rada kwa ukamilifu. Tangu Jumapili alikuwa Likasi kwenye matanga ya mjomba wake. Ofisi yake ilikuwa imefungwa, na aliyeshika nafasi yake alikuwa ameambiwa kwamba doa likiwa la kijani hakuna shida.

"Nipe dakika kumi, tata," Agnès alisema. "Na mutu alete ufunguo ya Rachelle."

Alirudi kwenye dirisha jeusi. Mbali na anwani, kila kifaa kina namba ya kuzaliwa ambayo kiwandani waliichoma ndani yake, na kompyuta hukumbuka namba ya kifaa ilichozungumza nacho mwisho. Agnès aliandika *arp -a* na orodha ikamwagika. Mbele ya anwani ya rada ilikuwa namba asiyoitambua, lakini mwanzo wake aliujua. Wiki nzima alikuwa ameuona kwenye maboksi yaliyorundikwa koridoni, maboksi ya kamera mpya.

Kamera hizo zilikuwa zikifungwa na Gracien, fundi umeme wa mkataba, mtu mzima mwenye familia kubwa, ambaye Agnès alimwona ni mwangalifu kuliko mafundi wengi walioajiriwa. Alimkuta juu ya ngazi karibu na ghala.

"Tata Gracien, jana jioni ulifunga kamera wapi?"

"Ku mulango wa kantini. Ya mwisho ile."

"Ulipatia anwani gani?"

Gracien alitoa karatasi mfukoni, akaisoma polepole. "Kumi, makumi mbili, ine, kumi na saba."

Agnès aliitambua: ilikuwa anwani ya rada. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la mtandao la koridoni, akatafuta waya mpya wa manjano, akauchomoa. Kisha akarudi mezani, akafuta kumbukumbu ya kompyuta ili isiendelee kuitafuta kamera ya kantini, na akaita tena.

*Délai d'attente de la demande dépassé.* Hakuna jibu. Mara ya pili, hakuna. Mara ya tatu, hakuna. Gracien alikuwa amemfuata, akasimama nyuma yake akishikilia bisibisi.

Mara ya nne: *temps=13ms.*

Sasa ilikuwa rada. Tangu jana jioni vifaa viwili vilikuwa na anwani moja, na kila ofisi ilipoita rada, kamera ya mlango wa kantini ilikuwa inawahi kujibu kwa kuwa iko karibu. Kioo cha Agnès kilikuwa kikiuliza tu, "Upo?" na kikijibiwa, "Nipo." Hakikuwahi kuuliza ni nani anayejibu.

Mlinzi alileta ufunguo. Katika ofisi ya Rachelle, kompyuta yenye programu ya rada ilikuwa na onyo jekundu katikati ya kioo, na spika zake zilikuwa zimezimwa. Picha ya mwisho ilikuwa ya jana saa kumi na dakika tano jioni. Agnès alipokuwa akiitazama, vipimo vilivyokuwa vimekusanyika ndani ya rada usiku kucha vilianza kuingia, saa baada ya saa, na rangi ya ukuta ikaanza kubadilika kutoka samawati kwenda manjano, kisha nyekundu.

Alimpigia Rachelle simu. Nyuma ya sauti ya Rachelle kulisikika nyimbo za waombolezaji.

"Pole na matanga, mama. Niko mbele ya machine yako. Nasoma?"

"Soma."

"Jana jioni, milimita moja na nusu ku saa. Katikati ya usiku, ine. Leo asubuhi, saba. Ya mwisho hii, kumi na moja."

Nyimbo ziliendelea kidogo. Rachelle alikuwa anatembea kutoka katikati ya watu, kwa maana zilififia.

"Rangi nyekundu inafika wapi? Chini kabisa?"

"Inafika chini. Inaelekea mashariki."

"Agnès, utoe batu. Sasa hivi. Usingojee mi nipigie mukubwa yeyote. Weka haut-parleur, Tharcisse anisikie."

Tharcisse alikuwa mlangoni. Hakungoja spika. Alirudi chumba chake akikimbia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, na dakika moja baadaye king'ora kilianza kulia shimoni. Ilikuwa saa nne na dakika hamsini asubuhi. Kwa redio aliwaita madereva mmoja mmoja kwa majina. Malori yalipanda njia ya kutokea yakifuatana. Mashine mbili za kuchimba zilisogea taratibu kama kawaida yake. Ile ya kutoboa ilikuwa na mguu uliozama kwenye matope, na Tharcisse akamwambia dereva wake aiache na aje kwa miguu.

Ilipofika saa tano na robo, wafanyakazi wote walikuwa juu. Tharcisse aliweka alama kwenye orodha yake, akafuta jasho.

"Na upande wa mashariki?" Agnès aliuliza.

Tharcisse alijua anachouliza. Chini ya ukuta, upande wa mashariki ambako uzio umetobolewa, kulikuwa na vijana wachimbaji, wale wanaoitwa creuseurs, waliotoka Kasai, Kalemie, Bukama na kwingineko. Walikuwa wamechimba vishimo vyao vya kuingilia mwambani na walikuwa wakitoa shaba na kobalti kwa magunia. Kila mtu alijua wapo.

"Ku papier, mule hamuna mutu," alisema, akiigonga karatasi ya orodha yake.

"Tata, mi sikuulize ya ku papier."

"Nitatuma balinzi."

"Bakiona balinzi batakimbilia ndani. Shi njo vile banafanyaka kila siku? Balinzi banapofika, beye banaingia mu mashimo kujificha."

Ilikuwa kweli. King'ora nacho hakikuwashtua, kwa sababu kililia kila siku kabla ya baruti, na baruti zililipuliwa upande wa pili.

Agnès alitoka nje na simu yake. Pale Musonoi, nyumba ya tatu kutoka kwake, alikaa mwanamke aitwaye Mignonne, aliyekuwa akipika bukari, yaani ugali, na samaki wa barafu waitwao thomson, na kuwauzia wachimbaji hao kwenye tundu la uzio. Alimpigia. Simu iliita mpaka ikakata. Alipiga tena, na sauti ya mtambo ikamwambia mteja hapatikani. Alihama kutoka ukuta wa jengo mpaka katikati ya uwanja, akapiga mara ya tatu.

"Allô, Mama Abigaëlle?" Mignonne alimwita kwa jina la binti yake, kama majirani wote.

"Mama Mignonne, uko kule ku uzio?"

"Niko."

"Sikiliza. Ukuta unaanguka. Haiko balinzi, haiko baruti. Ukuta wenyewe. Mashine inauona. Uite batoto bote batoke."

"Unajuaje?"

"Mi njo nafanya kazi ya ile mashine. Nikikudanganya, utanikuta nyumbani."

Mignonne alikata simu bila kuaga.

Aliyoyafanya Mignonne yalijulikana baadaye, kwa maneno yake mwenyewe na ya waliotoka. Aliwaacha wateja wawili wamesimama, akapita kwenye tundu la uzio, mahali ambapo miaka yote hakuwahi kukanyaga, akashuka mpaka kwenye vinywa vya vishimo. Hakupiga kelele kwamba ukuta unaanguka, kwa kuwa alihofu watakanyagana. Aliita kila mmoja kwa jina alilomzoea, akisema toka, nakutaka, toka sasa hivi. Sauti yake waliijua, na wakajua hakuwa mtu wa kushuka kule kwa mchezo. Walianza kutoka wakiwa na vumbi na taa za kichwani, wakiuliza kuna nini, naye akiwasukuma mgongoni kuelekea uzio.

Namna alivyojua kuna aliyebaki ni hii. Asubuhi hiyo alikuwa amewapa chakula katika mabakuli ya plastiki yenye vifuniko, na mabakuli kumi na tisa yalikuwa hayajarudi. Basi alihesabu watu kumi na tisa. Alipofika kumi na nane hakukuwa na mwingine aliyekuwa akitoka.

"Nani haiko?" aliwauliza.

Walitazamana. "Papy. Anarudia mu shimo kuchukua magunia yake."

Mawe madogo yalikuwa yameshaanza kudondoka juu yao, moja moja, kama mtu anayetupa changarawe bila haraka. Wenzake wawili wa Papy walirudi mpaka kwenye kinywa cha kishimo chake, wakamwita kwa matusi. Alitoka akiburuta gunia. Walimpokonya gunia, wakalitupa, wakamshika mikono. Hatua thelathini hivi kutoka hapo bamba la mwamba liliteleza, likampiga mguu wa kushoto chini ya goti. Walimbeba.

Ukuta ulianguka saa sita kasoro dakika kumi. Waliokuwa ofisini walisikia kishindo kirefu, kama malori mengi yanamwaga mzigo pamoja, kisha vumbi jekundu likapanda mpaka likaziba jua. Lilipotulia, chini ya shimo hapakuwa na upande wa mashariki. Mashine ya kutoboa ilifunikwa yote, hata ncha ya mlingoti wake haikuonekana. Hakuna mtu aliyekufa.

Agnès hakwenda kutazama. Alikaa kwenye meza yake, akaendelea na mzunguko wake pale alipoukatia.

Siku ya pili, mkuu wa idara yake, Ntambwe, alimwita. Alimsifu kwanza, kwa maneno mengi. Kisha akasema ripoti inatakiwa Ijumaa na yeye ndiye wa kuiandika.

"Iko mufupi tu," Ntambwe alisema. "Fundi wa nje, Gracien, alipatia kamera anwani ya rada bila kuuliza. Mkataba wake unasimamishwa. Affaire classée, inaisha."

Agnès alirudi mezani akafungua faili ya anwani, ile ambayo mafundi wote, wa ndani na wa mkataba, walitakiwa kuitazama kabla ya kufunga kifaa. Aliteremka mpaka namba kumi na saba. Mbele yake kulikuwa na neno moja: *libre*. Tupu, haina mwenyewe.

Alikumbuka hapohapo. Mwezi wa Agosti redio ya rada iliharibika ikabadilishwa, na ile mpya alikuwa ameipa anwani nyingine, hiyo ya kumi na saba. Aliiandika kwenye daftari lake la mfukoni akiwa amesimama juani kando ya kitoroli, akasema ataingiza kwenye faili akirudi. Aliporudi, mizani ya malori ilikuwa imekwama na watu wanamngoja. Daftari lilikuwa bado kwenye mkoba wake. Alilifungua, akaona mwandiko wake mwenyewe, na tarehe.

Jioni alimweleza mumewe. Alikuwa akisahihisha madaftari ya darasa la tano, akaweka kalamu.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Na Gracien?"

"Gracien alifuata faili. Hakukosea kitu."

Mumewe alifikiri. "Basi mi naona unajua cha kufanya, unataka tu nikuambie ni kigumu. Ni kigumu."

Aliandika ripoti Alhamisi, kurasa mbili. Aliandika kwamba faili ilisema anwani ile ni tupu kwa sababu yeye, Agnès Mianda, hakuijaza tangu Agosti. Aliandika pia kwamba kioo cha chumba cha uangalizi, alichokitengeneza yeye, kiliuliza swali dogo mno. Ntambwe aliisoma mbele yake, akaivua miwani.

"Mama Agnès, unajichimbia kaburi bule. Faili unaweza kuijaza leo. Nani atafungua kuangalia tarehe?"

"Nitajua mi."

"Ulikuwa unapewa nafasi ya chef d'équipe mwezi wa kwanza. Unajua ile?"

"Najua."

Ntambwe alitia sahihi. Hakufurahi, lakini alitia.

Gracien alimngoja langoni siku hiyo, kofia mkononi. Alikuwa ameshasikia, kwa maana katika kampuni ile habari hutembea upesi kuliko barua.

"Mama, ile faili ilisema libre," alisema. "Niliipiga picha na telefone yangu, siku ile ile. Niko nayo hapa."

Agnès alishangaa. "Juu ya nini hukuionyesha?"

"Nilingojea kuona utasema nini wewe."

Hakukuwa na ukali katika sauti yake, na jambo hilo lilimuuma Agnès zaidi kuliko kama angekuwa amekasirika. Alimwomba msamaha. Gracien alisema sawa, akavaa kofia, wakatembea pamoja mpaka kwenye pikipiki za abiria.

Barua ya onyo ilimfikia wiki mbili baadaye. Nafasi ya ukuu wa timu alipewa mwanaume kutoka Lubumbashi. Gracien alibaki na mkataba wake. Rachelle aliporudi kutoka Likasi alimkumbatia Agnès mbele ya watu, kisha akamfokea kwa muda mrefu mlango ukiwa umefungwa, na alikuwa na haki katika yote mawili. Pamoja walibadilisha kioo: tangu wakati huo doa la rada haliwi kijani kwa sababu ya kujibu tu. Linatazama kipimo cha mwisho kina umri gani, na kikizidi dakika kumi linakuwa jekundu na kengele inalia chumbani kwa Tharcisse, kengele isiyozimika kwa kitufe.

Jumapili moja baada ya misa alikwenda hospitali kumwona Papy. Alipeleka mandazi na chupa ya maji ya machungwa. Alimkuta kijana wa miaka ishirini na minne, mguu umefungwa plasta mpaka juu ya goti, akisikiliza muziki kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Mignonne alikuwa ameshamwambia yeye ni nani.

"Wewe njo mama wa mashine," Papy alisema.

"Ni mi."

"Magunia yangu ine. Kazi ya siku tisa. Kama mungetuambia asubuhi mapema, ningeyatoa yote."

Agnès alikuwa amejiandaa kwa shukrani, na kwa siri alikuwa hata amejiandaa kuzikataa. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Alivuta kiti akakaa.

"Ni kweli," alisema. "Tungejua tangu jana yake jioni. Hatukujua kwa sababu yangu."

Alimweleza yote, anwani, faili, daftari la mfukoni, kamera ya kantini. Papy alisikiliza akitafuna andazi. Mwisho aliuliza kama mashine ile inaweza kuona mwamba ulio ndani, chini ya ardhi, mule wanamochimba wao. Agnès alisema hapana, inaona uso wa ukuta tu. Papy alitikisa kichwa kana kwamba alikuwa akilitarajia jibu hilo, akamwomba amsaidie kugeuza mto.

Mwezi wa Januari, mkuu mpya wa timu akiwa bado anajifunza njia za shimo, Agnès aliomba ruhusa ya kuikagua faili yote ya anwani upya, kifaa kwa kifaa, kwa kukifikia na kukigusa. Aliomba apewe Gracien. Walitembea wiki mbili na nusu, yeye na kompyuta ndogo, Gracien na ngazi begani. Walifika kwenye kifaa, Agnès akasoma namba ya kuzaliwa iliyoandikwa mgongoni mwake, Gracien akachomoa waya, Agnès akaita. Kama kilinyamaza, ndicho. Kama kilijibu wakati waya umechomolewa, walijua kuna mwingine anayejibu mahali fulani, wakaanza kumtafuta.

Wenzake walidhani kazi hiyo ni ya bure. Walikuta anwani nyingine nne zenye vifaa viwili kila moja. Moja kati ya hizo ilikuwa ya mtambo wa kupima kina cha maji katika bwawa la taka za kiwanda, lile lililo juu ya nyumba za watu, na hilo waliliripoti siku ileile kabla ya kula.